Siku moja maishani mwangu: vyumba vya makao ya wazee

Saa 12:30 asubuhi. Mimi ni msafishaji, na naanzia stoo. Klorini ya asilimia 5, mililita 20, halafu maji ya baridi mpaka itimie lita 1: hiyo ni dawa ya asilimia 0.1 ya kupangusia. Maji ya moto huiondolea makali, na iliyolala tangu jana inamwagwa. Vitambaa vyekundu ni vya choo, vya bluu ni vya chumbani. Havikutani hata kwenye ndoo ya kulowekea.

Saa 1:15. Hodi, shikamoo bibi, kisha naeleza nilichokuja kufanya. Hapa ni kwake. Miwani niliyoikuta kushoto mwa taa inarudi palepale, kwa kuwa asiyeona vizuri huitafuta kwa kupapasa.

Shuka nazikunja kuelekea ndani na kuzitia kwenye mfuko wa nguo chafu papo hapo kando ya kitanda. Ukizikung'uta, vijidudu vinatua kila mahali. Godoro nalikagua kwenye mishono na zipu. Plastiki ikipasuka hata kidogo, mkojo unaingia kwenye sponji, na humo dawa haifiki. Harufu isiyoisha chumbani mara nyingi hutoka hapo wala si sakafuni, na dawa yake ni kubadilisha godoro.

Saa 1:30. Kupangusa, juu kwenda chini, pasafi kwenda pachafu. Kitambaa nakikunja mara mbili, napata nyuso 8. Uso ukichafuka nageuza, na kitambaa kilichotumika hakirudi kwenye dawa.

Nakaa zaidi kwenye kengele ya kuitia muuguzi. Hushikwa usiku na mchana, mara nyingi kwa vidole vyenye chakula, na uchafu hujificha kwenye mfereji mwembamba unaozunguka kitufe. Kwanza kitambaa chenye sabuni kilichokamuliwa vizuri, kwa sababu klorini huishia kupambana na uchafu kabla ya kuwafikia vijidudu. Ndipo dawa, nayo iachwe mbichi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kosa ninaloliona sana ni kupaka na kukausha hapohapo. Mikono imechoka, vijidudu vimebaki. Vyuma vya pembeni mwa kitanda, rimoti, swichi na vishikio vya fremu ya kutembelea ni vivyo hivyo. Meza ya kulia naisuuza kwa maji safi baada ya dawa.

Saa 1:50. Choo, sinki kwanza, bakuli mwisho. Klorini haichanganywi na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia, maana hutoa gesi inayodhuru mapafu. Mkojo nao huwa na amonia, kwa hiyo hata poti lenye mkojo nalimwaga na kulisuuza kwanza.

Saa 2:05. Deki, kurudi nyuma kuelekea mlangoni, mopu imekamuliwa sana. Mzee akiteleza anaweza kuvunjika nyonga, kwa hiyo siondoki sakafu ikiwa na maji.

Saa 2:15 hadi 6:30. Vyumba vinavyofuata, kwa mpangilio uleule.

Saa 7:00 mchana. Chumba cha mwenye kuhara kwa *Clostridioides difficile* nakiacha mwisho. Mbegu za bakteria huyu hazifi kwa spiriti ya mikono. Nanawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Klorini napandisha hadi asilimia 0.5, yaani mililita 100, halafu maji mpaka itimie lita 1, na juu ya kila kitu inakaa mbichi dakika 10.

Saa 8:30. Vichwa vya mopu vinafuliwa na kuanikwa vikauke kabisa. Kikilala kibichi ndooni, kesho kitasambaza vijidudu kuanzia chumba cha kwanza.