Mradi wa spika za honi: krosova yaanza kutulia

Honi zote mbili, yaani faneli za kupaza sauti za juu, zimeshapigwa msasa na vanishi. Ni plaiwudi iliyogundishwa tabaka juu ya tabaka: koo la inchi 1, mdomo wa sentimita 22, kina cha sentimita 24. Kwa vipimo hivyo honi huanza kubeba sauti kwenye hezi 500 hivi. Sipendi kuifanyisha kazi karibu na mpaka wake, kwa hiyo inapokezana na wufa (spika ya besi) ya inchi 12 kwenye hezi 1,200. Saketi inayogawa sauti hivyo ndiyo krosova.

Fomula za krosova zilinipa koili ya milihenri 2.1 na kapasita ya maikrofaradi 8.3. Namba nzuri, ila zinachukulia kwamba spika ya om 8 ni om 8 kila mahali. Wufa yangu, nilipoipima kwa kadi ya sauti na rizista ya om 100, ilianza juu kidogo ya 6, na kufika hezi 5,000 ilikuwa imeshapita 20. Nikaifungia sambamba rizista ya om 6.8 iliyofuatana na kapasita ya maikrofaradi 22, mstari wa om kwenye grafu ukalala.

Sauti napimia uani alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza. Spika iko mita 1.5 kutoka ardhini, maikrofoni mita 1 mbele yake. Mwangwi wa ardhi hufika milisekunde 6 baada ya sauti yenyewe, na REW, programu ya kupimia sauti, hukata yote yanayofuata. Chini ya hezi 160 grafu haina maana, lakini krosova iko mbali juu ya hapo.

Ukali wa sauti haukusumbua: draiva ya honi (kipaza sauti kilicho kooni mwake) desibeli 107, wufa 97. Rizista za om 5.6 na 3.9 zinameza hiyo 10.

Kazi ilikuwa kwenye muda. Draiva imekaa nyuma kabisa ya honi, sauti yake inachelewa milisekunde 0.66, yaani sentimita 23, na wimbi la hezi 1,200 lina urefu wa sentimita 29 tu. Si tatizo jipya. Husimuliwa kwamba Hollywood, miaka ya 1930, viatu vya mcheza dansi Eleanor Powell vilisikika vikigonga mara mbili kwa sababu honi za besi za MGM zilikuwa ndefu kuliko za juu. Kichakataji cha dijitali kingelimaliza hili mara moja, lakini kingedai amplifaya mbili, ya wufa na ya honi, nami nataka moja tu, basi. Kwa hiyo nimeipa wufa kichujio kikali zaidi (kinachokata kwa ghafla zaidi) kuliko cha honi, maana ukali huo nao huchelewesha sauti. Umbali uliobaki naufuta kwa kuisogeza honi mbele.

Kipimo chake ni kugeuza chanya na hasi za honi. Sauti za honi na wufa zikiwa zinakutana sawasawa, honi inapogeuzwa zinauana, na grafu inachimbika shimo. Mwanzoni lilikuwa bonde la desibeli 8, tena karibu na hezi 1,000. Honi ilipotokeza sentimita 6 nje ya ukingo wa boksi, shimo likazama zaidi ya 25, palepale kwenye 1,200. Nikarudisha nyaya, likajaa.

Seremala wangu anaona honi iliyotokeza hivyo ni ufundi mbovu. Ataizoea.

Sasa ni zamu ya spika ya kushoto, kisha kupima zote kwa maikrofoni iliyopandishwa na kushushwa nyuzi 15.