Mama Mshunami na nyumba yake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la juma hili ni 2 Wafalme 8:1-6.

Mwezi wa saba hapa Mbeya baridi haina utani. Ukipita Mwanjelwa alfajiri unawakuta vijana wamejikunja kwenye vibaraza vya maduka, wamejifunika viroba. Kikundi chetu cha huruma huchangisha mablanketi, na tuendelee. Ila blanketi humfikia mtu nyumba ikiwa imeshamtoka.

Mama Mshunami tunamkumbuka zaidi kwa sura ya 4, alivyomwekea nabii Elisha chumba, kitanda, meza, kiti na taa. Elisha akamuuliza, nikusemee kwa mfalme? Akajibu kwamba yeye anakaa kati ya watu wake. Yaani, nina ndugu, mfalme wa nini? Nani kwetu asingejibu hivyo?

Sura ya 8 anarudi kutoka ugenini baada ya njaa ya miaka saba. Mume, aliyekuwa mzee tangu mwanzo, hatajwi tena. Nyumba na shamba vina mwingine. Aliyempa mgeni chumba, sasa hana pa kulala. Maandiko hayasemi nani alivichukua. Mimi, kwa niliyoyaona kwenye misiba ya huku, ningeanza kuwauliza walewale ndugu, Mungu anisamehe.

Tunayajua haya. Matanga hayajaanuliwa, shemeji ameshashika funguo. Mjane anashuka mjini na watoto, anatafuta chumba, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ikiisha hiyo, mtoto mkubwa anaanza kushinda stendi, kisha analala hukohuko.

Mshunami alikwenda kumlilia mfalme. Akamkuta Gehazi, mtumishi wa Elisha, pale, akimsimulia mfalme jinsi Elisha alivyomfufua mtoto wa mama huyu, na Gehazi akasema: huyu ndiye. Mfalme akamtolea akida amrudishie nyumba, shamba, na hata mapato ya miaka yote ile. Gehazi hakutoa hata senti (na sote tunajua alivyozipenda fedha za yule jemadari Naamani). Alitoa ushahidi.

Sheria tunazo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, nao huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Lakini mjane aliyefiwa juzi ataanzia wapi? Cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo: kila hatua ina nauli na foleni, na shemeji amesimama mlangoni. Hapo ndipo kikundi kinapohitajika, watu wawili wa kwenda naye. Na kodi ya mwezi mmoja tukiichanga kabla hajatolewa vyombo nje ni nafuu kuliko kumtafutia chumba kipya. Kwa watoto wa stendi, tusikimbilie kuwachukua majumbani. Twende kwanza kwa afisa ustawi wa jamii, tuulize kwao ni wapi na nini kiliwatoa.

Alhamisi, badala ya kuhesabu mablanketi, mzee wa jumuiya ameomba tutaje wajane waliofiwa mwaka huu mtaani kwetu, na kila mmoja, nani ameshika funguo zake.