Uvimbe wa taya na ramani ya mbu
Niko wodi ya watoto hapa Mwanza, namuuguza mpwa wangu. Vitanda vya jirani kuna watoto waliovimba taya: Burkitt, saratani ya tezi za limfu. Shemeji yangu aliyeko Ujerumani alishangaa, maana huko saratani ya watoto inayoongoza ni ya damu, lukemia.

Jina ni la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeiandika mwaka 1958. Mwaka 1961 alipanda gari na wenzake wawili hadi Afrika Kusini, akiuliza hospitali baada ya hospitali: mnawaona watoto wa hivi? Penye joto na mvua, ndiyo. Nyanda za juu zenye baridi, hapana. Yaani ramani ya mbu kabisa! Mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kikagunduliwa ndani ya uvimbe huohuo. Kirusi kiko dunia nzima. Malaria ya mara kwa mara utotoni ndiyo hukipa nafasi.

Na lukemia, inayosemekana ni chache kwetu, ni chache kweli? Nina shaka. Watoto wangapi wenye homa na upungufu wa damu huzikwa kwa jina la malaria, hawajapimwa?

Wazazi wenzangu, taya likivimba msikimbilie kung'oa jino. Hospitali kubwa, mapema. Burkitt husikia dawa upesi.