Kumbukumbu ya mradi: hatimaye “siku moja” imeondoka

Ijumaa, wiki ya 6. Nimemaliza kusoma karatasi 22 za watoto na hakuna hata moja iliyoanza na “Siku moja”. Nimezirudia zote nijiridhishe. Hakuna! Nimefurahi mno, na nataka kuyaandika haya kabla sijasahau tulivyofika hapa.

Mradi wenyewe ni wa kufundisha watoto wa miaka 7 na 8 kuandika maandishi ya taarifa: mtoto anachukua mambo ya kweli na kumweleza mtu asiyeyajua. Tulichagua konokono kwa sababu tunao wawili kwenye chupa pana ya kioo, na mtoto anaweza kuchungulia wakati wowote. Mambo ya kukusanya vitabu na kupanga makundi sitayaeleza. Aliyewahi kuifanya kazi hii anayajua. Nitaeleza donda ndugu moja lililonitesa wiki tatu nzima.

Wiki ya 1 hadi ya 3

Kwa upande wa ukweli, watoto hawakupungukiwa. Walikuwa nao tele. Tatizo ni kwamba penseli ikigusa karatasi tu, ukweli unageuka hadithi.

Kuna mtoto alinivuta mkono hadi kwenye chupa nione tumbo la konokono anayepanda kioo. Ukimtazama kwa upande wa ndani, unaona mistari myeusi myembamba ikisafiri chini ya mguu wake (ndilo hilo tumbo analotambalia), mmoja nyuma ya mwingine, kutoka mkiani kwenda kichwani. “Ni mawimbi,” akasema, “mawimbi ndiyo yanambeba.” Sijawahi kusikia mtoto akieleza jambo vizuri hivyo. Akaenda kuketi, akaandika: “Siku moja konokono alikuwa anatembea. Akakutana na jani. Akala jani. Akafurahi.” Mawimbi hayapo. Iliniuma sana, kwa sababu alichokuwa nacho mdomoni kilikuwa bora mara mia kuliko kilichofika kwenye karatasi.

Nilipiga marufuku “siku moja”. Ikaja “hapo zamani”. Nikaikataza hiyo nayo, ikaja “jana”. Nikawasomea mfano mzuri kitabuni, nao wakaunakili neno kwa neno. (Dawa ya kunakili ilipatikana haraka: funga kitabu, mwambie mwenzako, ndipo uandike.) Nikawapa mwanzo wa sentensi, “Konokono ana…”, nikavuna kurasa za “Konokono ana gamba. Konokono ana macho. Konokono ana ute.” Yote kweli, lakini ni orodha tu, hakuna anayeelezwa chochote.

Nililijaribu pia lile jedwali la safu tatu, najua, nataka kujua, nimejifunza, ambalo Donna Ogle alilichapisha mwaka 1986. Safu ya katikati naipenda. Ya kwanza imenisumbua, kwa sababu kitu kikishaandikwa chini ya “najua”, mtoto anakitetea kufa na kupona. Mmoja alishikilia kwamba konokono huvua gamba akatafuta jingine. Kumbe aliwahi kumwona koa asiye na gamba, akadhani ni konokono aliyevua! Tulitumia siku 2 kulitatua hilo. Wanaohama ni wale kaa wadogo wa pwani wanaoishi ndani ya makombe matupu. Gamba la konokono limeshikamana na mwili wake na hukua pamoja naye.

Baada ya hapo jedwali nikaliweka kando. Sasa kila jambo linaandikwa kwenye kipande chake cha karatasi, na pembeni mtoto anachora jicho, kitabu au sikio: nimeona, nimesoma, nimesikia. Chenye jicho au kitabu kinaingia kwenye maandishi. Chenye sikio kinabandikwa ukutani, kinasubiri uthibitisho. Hata mtoto anayeandika kwa shida anaweza kuchora sikio.

Wiki ya 4: HU-

Jumatano. Binti mmoja alikuwa anamsimulia mwenzake ambaye siku iliyotangulia hakuwepo. Nilikuwa nyuma yao nakusanya daftari. Akasema: “Akikosa maji hujifungia. Huziba mlango wa gamba kwa ute, ute ukikauka unakuwa kama karatasi. Halafu hulala tu humo ndani.”

Nikasimama palepale. Hiyo ndiyo taarifa niliyokuwa naitafuta tangu wiki ya kwanza.

Dakika chache baadaye aliandika: “Siku moja konokono aliziba mlango.”

Niliziandika sentensi zote mbili ubaoni, moja juu ya nyingine, nikauliza: “Aliziba. Konokono yupi?” Wakasema yule, yule mmoja. “Huziba. Yupi?” Kukawa kimya kidogo, kisha sauti ya nyuma: “Wote!” Nikauliza lini. “Siku zote!”

Tangu mwanzo nilikuwa napigana na maneno mawili ya ufunguzi, na ugonjwa ulikuwa kwenye kitenzi. Hadithi haiendi bila nani na lini: a-li-ziba, a-ka-lala. Hu- haibebi nafsi wala haitaji wakati. Ukishaandika “huziba”, “siku moja” haina pa kukaa. Mtoto mwenyewe anasikia kwamba “Siku moja konokono huziba” imekwenda kombo. Sikuhitaji kukataza tena. Lugha yenyewe ndiyo iliyokataza.

Matatizo mapya yalikuja, lakini haya yalinifurahisha. Kwanza “anahula”, mtoto anabandika nafsi mahali isipotakiwa. Kisha “Konokono hukula majani.” Nikamwambia mwandishi amsomee jirani yake lile neno peke yake, akimtazama usoni: “Hukula.” Jirani akaruka: “Nimekula!” Hapo wote wakaelewa kwa nini tunaandika “hula”. Siku iliyofuata ikawa “hulala” na “hulali”, moja ni habari ya konokono, nyingine ni lawama kwa mtu aliye macho. Na kwenye kukanusha hu- haiendi kabisa, inabidi “hatembei”, “hana”. Tulikuwa darasa la sarufi bila kuambiana kwamba ni sarufi.

Kuhusu vifaa

Nimeshaamua kuhusu kifutio: kwenye rasimu ya kwanza hakitumiki. Mtoto mwenye kifutio anasafisha herufi moja mpaka karatasi inatoboka, na wazo limeshapotea. Anakata kwa mstari mmoja, anaendelea.

Mchoro wa utando, wenye duara katikati na miguu pembeni, siupendi kwa umri huu. Ukishachorwa haubadiliki. Vipande vya karatasi vinahamishika: mtoto anavisogeza sakafuni, vya mwili huku, vya chakula kule, vya kujikinga pale, na akiona kimoja hakina ndugu anajua lazima arudi kwenye chupa. Nilijaribu pia programu ya kupanga mawazo kwenye kishikwambi. Wakashughulika na rangi za visanduku.

Wiki ya 5 na ya 6

Nilikuwa nimepanga vichwa vidogo wiki ya 5, na faharasa ya maneno magumu wiki ya 6. Vichwa vimekuja vyenyewe kutokana na mafungu ya sakafuni. Faharasa nimeiacha, kwa sababu mtoto mmoja aliuliza, “Hii atasoma nani?” na nikakosa jibu la maana. Basi tukawaalika watoto wa miaka 5 wasomewe.

Wasikilizaji wale hawana huruma. “Pembe ndefu zina macho kwenye ncha.” Kwa nini? “Ukizigusa huingia ndani.” Zinaingiaje? Msomaji wangu, yule wa mawimbi, alinyamaza, akaomba ruhusa, akaenda kwenye chupa na kipande kitupu. Akarudi ameandika: “Huingia ndani kama soksi inayogeuzwa, ndiyo maana jicho linatangulia.” Jicho limechorwa pembeni. Ile “ndiyo maana” sikumfundisha mimi. Tangu siku hiyo kila kundi lina mtu wa kuuliza kwa nini, na sentensi za upweke zimepungua sana.

Ukutani yalibaki masikio mawili. La kwanza, “Konokono ana meno maelfu”, hakuna aliyeliamini, mimi nilikaa kimya. Alhamisi mtoto aliyeliandika alilikuta kwenye ensaiklopidia: meno madogo mno, safu kwa safu juu ya ulimi. Alifuta sikio akachora kitabu, kikubwa kuliko sentensi yenyewe. (Hapo kifutio nilimruhusu.)

La pili linasema, “Konokono anasikia jina lake.” Mwenye nalo amekataa kutafuta kitabuni, anataka jicho. Kitabu kinachoeleza kwamba konokono hana masikio kipo kwenye rafu, nami sijamwonyesha. Ameshagawa kazi: yeye ataita mara 10 bila kugusa chupa, mwenzake atahesabu pembe zinapogeuka. Wanaanza Jumatatu asubuhi.