Chupa ya Maji ya Jambiani

Mama yangu alizaliwa Ujiji, akaolewa Ujiji, na hadi anatimiza miaka 67 maji makubwa aliyoyajua yalikuwa haya yetu ya Tanganyika. Nilipopata kazi ya kwanza nilimwahidi kumpeleka akaione bahari. Ahadi ni deni, na Mama si mtu wa kusamehe deni. Kila Idi alikuwa akiniuliza, "Ile bahari yako bado haijajaa?" Desemba 2017, shule zilipofungwa, nikamchukua yeye na wanangu wawili, binti wa miaka 11 na mdogo wake wa miaka 6, tukaenda Unguja. Baba yao alibaki kazini. Alisema atakuja mwaka mwingine, na mpaka leo hajaenda.

Watu hututania kwamba Kigoma ni mwisho wa reli. Tukiwa tunapanda behewa jioni ile pale stesheni, Mama alimwambia kijana aliyekuwa akitusaidia mizigo, "Mwisho wa reli ni kwao huko, sisi hapa ndiyo inaanzia." Mizigo yenyewe ilikuwa aibu. Dagaa wa Kibirizi debe zima, mawese dumu la lita tano, na mkungu wa ndizi ambao hatukujua utamfikia nani. Nilijaribu kupunguza, nikashindwa.

Usiku tulifika Uvinza. Wauzaji walikuwa wakipita chini ya madirisha na tochi, na Mama akatoa kichwa nje akaita chumvi. Chumvi ya Uvinza hutoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi, na ilikuwa ikipikwa tangu kabla ya reli na kabla ya Wajerumani. Misafara ya pembe iliikuta. Kwetu ndiyo chumvi ya samaki.

"Mama," nikamwambia, "tunaenda baharini. Unapeleka chumvi baharini?"

"Wewe umewahi kuiona bahari ikipika ugali?" akanijibu, akafunga kifurushi kwenye pindo la kanga.

Safari ya treni sitaisimulia yote. Siku mbili usiku na mchana, njia moja tu ya reli, kwa hiyo mara kwa mara mnawekwa stesheni kungoja treni nyingine ipishe. Watoto walifurahia siku ya kwanza. Siku ya pili walikuwa wakiuliza Dar es Salaam kila baada ya dakika kumi. Tabora tulinunua asali na maembe. Miembe imejaa kule, na Mama akawasimulia wajukuu kwamba zamani ukitaka kujua njia ya misafara kutoka Ujiji hadi pwani, fuata miembe, maana watu walikula maembe wakatupa kokwa. Binti yangu, aliyekuwa ametoka kufundishwa historia, akasema Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akafika Ujiji Novemba. Mama akamtazama. "Na waliombebea mizigo, mwalimu wenu amewataja?" Mtoto akanyamaza. Baada ya Itigi nikalala, nilipoamka tulikuwa Dodoma na watu wanauza zabibu.

Boti kutoka Dar hadi Unguja ni mwendo wa saa mbili hivi, na kwa upande wangu zilikuwa saa mbili za kutapika. Kaskazi ilikuwa imeanza kuvuma. Mimi niliyewaonya wengine ndiye niliyeshika mfuko wa plastiki tangu tulipotoka bandarini. Mama alikuwa amekaa wima anatafuna tangawizi. "Mimi nimepanda Liemba hadi Kasanga na mimba yako tumboni," aliniambia, kana kwamba hilo ni jibu. Ukweli Liemba ni meli ya kujivunia: iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, ikazamishwa wakati wa Vita vya Kwanza, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Lakini mtu anayetapika hana haja ya historia ya meli.

Tulilala usiku mbili Mji Mkongwe. Watoto wanakumbuka Forodhani, urojo uliowachoma ulimi na juisi ya miwa. Wanakumbuka zaidi Changuu, kile kisiwa kidogo ambacho mashua inakufikisha kwa nusu saa, penye kobe wakubwa ambao asili yao ni Ushelisheli. Waliletwa kama zawadi mwaka 1919. Kobe huandikwa umri wake kwa rangi mgongoni, na mwanangu mdogo alipomkuta aliyepita miaka 100 akamwamkia, "Shikamoo." Akangoja kabisa aitikiwe. Nyumba ya gereza iliyojengwa pale haikuwahi kufunga wafungwa. Iliishia kuwa mahali pa karantini ya wasafiri. Mama alisema hilo ndilo gereza la kwanza analolisikia lenye bahati njema.

Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, ndiko nilikotaka kumpeleka, na nilikuwa nikiogopa. Ujiji watu wengi huitwa Wamanyema, nasi ni wao. Wazee wetu walivushwa ziwa kutoka upande wa Kongo enzi za misafara. Wengine walikuja kama wapagazi, wengine kama wafanyabiashara wadogo, na wengine hawakuja kwa hiari, na katika familia nyingi swali la nani alikuja vipi haliulizwi mezani. Nilipokuwa mdogo bibi yangu alikuwa akisema "ameenda pwani" kwa sauti ile ile ambayo wengine husemea "amefariki". Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Anglikana likajengwa pale pale. Ndani kuna msalaba uliotengenezwa kwa mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake, kule Zambia. Nje kuna shimo lenye sanamu tano za watu, minyororo shingoni.

Kijana aliyekuwa akituongoza alieleza vizuri, kwa adabu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, waliotoka Ujiji walikuwa wakiwekwa upande gani?"

Yule kijana akatafuta jibu. "Bibi, hapa walichanganywa wote."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akavua viatu, sijui kwa nini, pale hapahitaji kuvua viatu, akasimama ukingoni mwa shimo akasoma Fatiha kwa sauti ya chini. Binti yangu akamfuata. Watalii wawili waliokuwa wakipiga picha wakashusha kamera. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyezungumza, hadi mdogo alipouliza kama kobe hulala.

Kesho yake tukaenda Jambiani, pwani ya mashariki. Tulifikia kwa mama mmoja mtu mzima anayekodisha vyumba viwili uani kwake. Mama alimkabidhi dagaa, mawese, na kile kifurushi cha chumvi. Ndizi zilikuwa zimeiva zote njiani tukazila.

"Dada, umeniletea chumvi?" mwenyeji wetu alicheka mpaka akashika ukuta. "Na lile pale nje unaliona ni nini?"

"Hiyo ni ya mtoni," Mama akasema. "Ionje kwanza."

Akaionja kwa ncha ya ulimi. Hakusema neno. Jioni ile tuliletewa pweza wa nazi, na nilimwona kwa macho yangu akiitia chumvi ya Uvinza.

Kuhusu dagaa walibishana siku tatu. Unguja nao wana dagaa, na mwenyeji wetu alishikilia kuwa wa bahari wana ladha zaidi. Mama alisema wa bahari wana chumvi, siyo ladha, na kwamba dagaa wa Kigoma ukimkausha vizuri humkuti mchanga. Mimi nakubaliana na Mama, lakini mimi si hakimu wa haki.

Tulifika Jambiani jioni, maji yamejaa hadi karibu na minazi. Mama alitembea hadi yakamfika vifundoni, akainama, akachota kwa kiganja, akanywa. Alikuwa ameambiwa maisha yake yote kwamba bahari ina chumvi. Hata hivyo aliruka kama aliyeumwa na siafu.

"Mungu wangu! Ni kweli!"

Wanangu walicheka hadi wakakaa chini mchangani. Akachota tena, akaonja tena, safari hii polepole. Akatazama mbele. Kwetu, siku hewa ikiwa safi, unaiona milima ya Kongo ng'ambo. Pale hapakuwa na ng'ambo. "Kwa hiyo mtu akisahau kitu huko," alisema, "hakuna pa kurudi kukiangalia."

Asubuhi ya pili, saa nne hivi, mwanangu mdogo alikuja akikimbia. "Mama, bahari imeondoka!"

Na kweli ilikuwa imeondoka. Pale tulipokuwa tumeogelea palikuwa mchanga mweupe, madimbwi na nyasi za baharini, na mstari wa maji ulikuwa mbali kule kwenye mwamba. Wanawake walikuwa wameinama huko katikati na kamba zao. Sisi watu wa ziwa hatuna kupwa na kujaa. Ziwa letu likipanda, hupanda kwa misimu na miaka, na likikataa kushuka unahama. Miaka michache baada ya safari ile, 2020 na 2021, lilipanda kweli, likameza fukwe na nyumba za watu. Lakini kuondoka asubuhi na kurudi alasiri kama mtumishi wa ofisini, hilo hatukulijua.

Mwenyeji wetu akatupeleka kwa wakulima wa mwani. Vijiti vimechomekwa mchangani, kamba imefungwa kati yake, na vipande vya mwani vinaning'inizwa kwenye kamba. Kilimo hicho kilianza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na karibu wote wanaolima ni wanawake. Wanasema aina nene, yenye bei nzuri, siku hizi inakufa kwa joto la maji, wanabaki na ile nyembamba ya bei ndogo. Wanafanya kazi haraka maana maji hayangoji.

"Leo bamvua," mmoja alimweleza Mama. "Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hutoka sana, hujaa sana. Katikati ni maji mafu, hatupati nafasi."

Mama akasimama wima. "Kumbe mnafuata mwezi?"

"Tunafuata mwezi."

"Na sisi tunafuata mwezi!" Akamshika yule mama mkono uliojaa mwani. "Kwetu wavuvi wa dagaa huvua kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inalala. Giza kama hili, sasa hivi, wote wako ziwani." Akahesabu kwa vidole, akasema na jirani yake wa Kibirizi usiku huo yuko majini. Walikaa pale wakilinganisha miezi hadi maji yakaanza kutulamba magoti.

Ninachokumbuka mimi cha alasiri hiyo ni kandambili. Nilitandika kanga, nikapanga jozi zetu nne za kandambili kwa mstari mchangani, nikajilaza. Kwa mtu wa Kigoma, ukiweka kitu ufukweni mita kumi kutoka kwenye maji, kesho utakikuta. Niliamshwa na ubaridi mgongoni. Kanga ilikuwa inaelea, na kandambili ya kushoto ya mwanangu ilikuwa imeshavuka kuelekea India. Watoto wa kijiji walikimbia wakaokoa saba. Mpaka leo kwetu mtu akipoteza kitu wanangu husema, "Kimefuata bamvua."

Siku ya kuondoka Mama aliomba chupa tupu ya lita moja na nusu. Akaenda hadi kwenye maji, akaijaza, akaifunga kifuniko na kukizungushia utepe wa gundi. Nilijua nisibishe. Chupa ile ilipanda boti (safari hii sikutapika, nilitafuna tangawizi yake), ikalala chini ya kitanda cha treni kutoka Dar, ikapita Morogoro, Dodoma na Tabora, ikafika Uvinza usiku wa pili. Pale akanunua tena chumvi, kifurushi kimoja.

Nyumbani Ujiji, majirani walikuja kutusalimia, na kila aliyeingia alipewa kijiko. Wazee kwa watoto walionja, wakakunja nyuso, wakaomba tena. Mzee mmoja wa msikitini alikataa. Alisema anaamini bila kuonja. Maji yalipobaki nusu chupa Mama akayamimina kwenye sufuria, akaweka jikoni kwenye mkaa, akakaa na kibao chake kuyalinda. Yalipokauka, chini pakabaki kitu cheupe kinachovunjikavunjika, cha kujaza vijiko vichache. Akakikwangua kwa kijiko cha mbao, akamwaga kidogo juu ya migebuka aliyokuwa ameikaanga, akala tonge la kwanza huku tukimtazama.

Akatafuna. Akameza.

"Inachoma," akasema, na mkono wake ukaenda kwenye kifurushi cha Uvinza.