Leseni ya kwanza imfikishe mtu mbali

Mwanga, Kigoma. Jumapili usiku.

Wiki tatu zilizopita nilipanda vilima vya Bangwe na mpwa wangu, anayesomea leseni ya redio ya ridhaa (ya kuongea hewani kwa kujifurahisha, siyo kibiashara), nina redio ya mkononi ya wati 5. Niliita mimi, yeye kashika daftari. Nusu saa nzima kwenye 145 MHz, hakuna aliyejibu. Mawimbi ya masafa hayo huishia karibu na upeo wa macho, na hapa upande mmoja ni ziwa, upande mwingine ni milima. Akafunga daftari. "Mjomba, sasa huu mtihani nausomea nikaongee na nani?"

Swali lile halijanitoka. Nchi nyingi humpa anayeanza masafa ya juu, mawimbi mafupi, yale yanayofika mbali, akayasubiri kwenye daraja linalofuata. Marekani, mwenye leseni ya Technician, ambayo ndiyo ya kuanzia, ana kila kitu kuanzia 50 MHz kwenda juu, lakini kwenye mawimbi mafupi ruhusa yake ya kuongea kwa sauti ni kipande cha mita 10 tu (huo ni urefu wa wimbi, yaani karibu na 28 MHz). Ujerumani walipoanzisha daraja N la wanaoanza mwaka 2024 walifungua mita 10, mita 2 na sentimita 70. Kwenye miji yenye watu wengi hewani na vituo vya kurusha upya mawimbi, sawa. Kwa mtu wa Kigoma ni kumpa mtumbwi ukamkataza kuingia ziwani.

Walionivutia ni Waingereza. Leseni yao ya Foundation, ya mwaka 2002, ilimpa anayeanza karibu mawimbi mafupi yote, ila kwa wati 10. Mwaka 2024 wakazipandisha hadi 25. Nguvu ndogo, uwanja mpana. Na wati 10 zinaendeshwa na betri ya pikipiki, kitu ambacho hata kule vijijini kipo.

Jana jioni tulitandaza waya wa mita 20 kutoka kwenye mwembe hadi pembe ya paa, tumeukata katikati, mita 10 kila upande, kwa ajili ya 7 MHz, ambayo ni mawimbi mafupi. Giza lilipoingia nikaita. Akajibu mtu wa Nairobi, ishara yake ya kuitwa hewani inaanza na 5Z, ya Kenya. Mpwa wangu aliandika saa na masafa huku mkono unamtetemeka. Tulipozima akaanza kuuliza: sauti imevukaje nchi yote ile bila mnara? Nikamweleza tabaka la juu la hewa linalopigwa na jua likapata chaji, jinsi linavyoyarudisha mawimbi chini, na kwa nini usiku mambo hubadilika. Sura hiyo ya kitabu alikuwa ameiruka. Usiku ule aliisoma yote, kisha akairudia.

Kwa hiyo mtihani wa leseni ya kwanza ningeuweka mfupi: sheria, usalama (hasa kutotupa waya karibu na nyaya za umeme), hesabu ya volti na ampea, kisha mtu afunge antena yake mbele ya msimamizi. Msimamizi ndiye asafiri aje huku, siyo kijana kulipa nauli ya treni mpaka Dar es Salaam. Morse, ile lugha ya nukta na mistari, ajifunze anayeipenda. Tangu mkutano wa kimataifa wa Geneva wa 2003 kila nchi inaamua yenyewe kama itaidai. Na leseni isiwe na kitanzi cha muda. Leseni ya wanaoanza ya Marekani ya mwaka 1951, Novice, ilikuwa ya mwaka mmoja tu, haihuishwi, na ukishindwa kupanda daraja unatoka hewani. Sikubaliani nayo kabisa. Kuna mtu ambaye mwaka mzima unamwishia akitafuta pesa ya kebo.

Leo baada ya ibada amekuja na waya wake mwenyewe, keshaupima: mita mbili na nusu kila upande, wa 28 MHz. Amesoma kwamba miaka ambayo jua lina madoa mengi, masafa hayo huvuka mabara mchana kweupe.

"Mjomba, mwembe utabeba nyaya mbili?"

Nikamshikia ngazi.