Asidi imezidi? Waliniambia wote

Mtaani kwetu Tanga, ukitaja tumbo tu kila mtu anageuka daktari. Jirani alisema asidi imenizidi, wa duka la dawa akasema hivyo hivyo, na shemeji yangu, ambaye kazi yake ni kuchomelea mageti, akaapa kabisa. Nikanywa juisi ya kabichi miezi mitatu, mpaka mke wangu akaihamishia jagi uani kwa harufu. Juu yake vidonge vya kukata asidi, elfu kadhaa kila wiki.

Mimi ni fundi cherehani, natumia ile ya kukanyaga. Ikawa nikikanyaga ni kama nimekanyaga pamba. Mshono unapinda, sijui mguu uko wapi. Ulimi mwekundu, chai ya moto siiwezi. Ijumaa moja nafika msikitini, nainama kuvua kandambili, naikuta moja! Nyenzake imebaki njiani na mguu haukunipa habari. Watoto walicheka, nami nikacheka. Usiku sikulala.

Nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Damu ikapanda, nikatamba. Na ganzi nayo ikapanda, mpaka magotini. Kumbe foliki asidi iliyomo inaweza kurekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikizidi kuharibika.

Daktari mwenyewe kijana, wa kumzaa. Akafunua shati langu. "Mzee wangu, hili kovu la nini?"

Nilishalisahau! Miaka sita nyuma nilipasuliwa kwa vidonda vya tumbo, wakakata sehemu ya chini ya mfuko wa chakula. Huko ndiko hasa inakotoka gastrini, homoni inayoliamrisha tumbo kutoa asidi. Asidi ikiwa haba, vitamini B12 ya kwenye nyama na samaki haichomoki vizuri, na bila hiyo B12 damu hupungua na mishipa ya fahamu huharibika. Ini lilikuwa na akiba yake ya miaka, ndiyo maana ugonjwa ulichelewa. Na mimi kale kaasidi kalikobaki nakazima kwa vidonge!

Gastrini haikurudi. Nilichomwa B12 ya miligramu 1, siku ndiyo siku hapana, sasa ni kila baada ya miezi miwili. Vidonge vya asidi aliniachisha yeye. Vyako usiviache kwa kunisoma mimi.

Ganzi imeshuka, imebaki vidoleni. Kandambili nilizishonea lastiki ya suruali kwa nyuma, kama za mtoto anayejifunza kutembea. Wazee wawili wa msikitini wameshaniletea zao.